Naombeni ushauri, nikisimama mbele za watu sauti inakata

Habari zenu wakuu, naombeni msaada wenu kwenye hili.

Kazini nimepewa jukumu la kuwasilisha ripoti ya timu yetu kila mwezi, dakika kumi tu, watu kama ishirini hivi. Tukiwa tumekaa tunapiga stori mimi ndo muongeaji mkubwa, ila nikishasimama pale mbele mikono inatetemeka, mdomo unakauka, naanza kuongea haraka haraka kama nakimbizwa, mara ya mwisho dakika kumi nilizimaliza kwa nne na sikumbuki hata nilisema nini.

Nimejaribu kukariri neno kwa neno, ikawa balaa zaidi, maana nikisahau neno moja tu yote yanapotea. Kioo nacho nimejaribu, najiona kichekesho tu. Kidogo kilichosaidia ni kujirekodi kwenye simu, hapo ndo nikagundua nasema "yaani" kila baada ya sentensi, aisee niliona aibu. Kuvuta pumzi taratibu kabla ya kuanza kunasaidia, ila ni dakika ya kwanza tu.

Sasa maswali yangu ni haya. Ukipotea katikati ya maelezo na watu wote wanakutazama, unarudije kwenye mstari bila kuonekana umechanganyikiwa? Na je, niandike vidokezo vichache kwenye karatasi niende navyo, au nikishika karatasi ndo mtetemeko utaonekana zaidi?

Nina wiki mbili kabla ya ripoti ijayo. Waliopitia hii hali naombeni mnisaidie, natanguliza shukrani.