Mjadala: Hivi kweli CD ya kopi ina sauti mbovu kuliko orijino?

MLETA MADA: Wakuu, mazungumzo ya muziki yakigusa CD tu, hakosi mtu wa kusema kopi "haina nyama": besi imelegea, mwimbaji kama amesogezwa nyuma. Mwingine atamjibu kwamba namba ni namba. Mimi niko na huyu wa pili, ila kwa masharti.

Kaseti ukiinakili, kila kopi inabeba mvumo wa iliyotangulia na kuongeza wake. CD haifanyi hivyo, kwa sababu haihifadhi wimbi la sauti bali vipimo vyake: 44,100 kila sekunde kwa kila chaneli, kila kimoja cha biti 16. Kipimo kikisoma 12,407 kwenye orijino na 12,407 kwenye kopi, besi italegea wapi? Besi yenyewe ndiyo namba hizo.

Anayebisha ahamishie orijino kwenye kompyuta kama WAV (faili la sauti lisilobanwa), achome kopi, kisha aisome kopi hiyo upya na kulinganisha faili mbili. Pengine moja itaanza vipimo kadhaa mbele ya nyingine, maana kila draivu ina pake pa kuanzia kusoma. Zikipangwa sawa, zinalingana hadi biti ya mwisho. Masharti yangu ni mawili: orijino isomwe vizuri, na njiani pasipite MP3, yaani faili linalobanwa kwa kutupa sehemu ya sauti.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, hayo ni ya kitabuni. Kopi ninazopewa na watu naisikia tofauti ndani ya dakika moja. Sikiliza matoazi: kwenye orijino mlio unafifia taratibu, kwenye kopi unachakacha kama maji ya bomba. Namba zako zimeenda wapi hapo?

MLETA MADA: Hapo umeielezea MP3 bila kuitaja. CD hutoa kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 iliyozoeleka zamani ilikuwa na 128. Kilichotupwa hakirudi hata ukiichoma upya kama CD ya muziki. Pleya itasoma kila kitu bila kosa, ila itakuwa inasoma namba za MP3. Kwa hiyo umepewa kitu kingine ndani ya kava la kopi, na aliyekuchomea hana haja ya kukwambia.

MCHANGIAJI WA PILI: Niingie kati, maana mleta mada kalipita haraka hilo la "isomwe vizuri", na ndipo penye kazi.

CD ya data na CD ya muziki hazina ulinzi sawa. Sekta moja, yaani kipande kimoja cha kusomwa kwenye diski, ina baiti 2,352. Kwenye data, zinazotumika ni 2,048, nyingi ya zilizobaki ni za kugundua na kusahihisha makosa. Kwenye muziki zote 2,352 ni sauti, kwa hiyo unategemea ile ngazi ya kwanza ya usahihishaji iliyomo kwenye kila CD peke yake. Ngazi hiyo si haba, inaweza kufidia pengo la takribani milimita 2.5 kwenye njia ya leza. Mkwaruzo ukizidi hapo, pleya inakisia: inachukua kipimo cha kabla na cha baada, inaweka cha katikati. Sikio halishtuki.

Shida ni pale draivu ya kompyuta inapokisia kimyakimya wakati wa kunakili. Kisio linaandikwa kwenye kopi kama ukweli. Ndiyo maana kuna programu kama Exact Audio Copy na cdparanoia, zinazorudia kusoma sehemu yenye mashaka badala ya kupita tu.

Halafu diski yenyewe. Orijino ina vishimo vilivyopigwa chapa kwenye plastiki. CD-R (ya kuchomwa mara moja) ina tabaka la rangi lililochomwa na leza, na rangi hiyo huharibiwa na jua na joto. CD-RW (ya kufutwa na kuchomwa tena) ndiyo mbaya zaidi kwa pleya za zamani, kwa sababu inarudisha mwanga kidogo mno. Ila angalieni dalili: kuruka, kukatika, kugonga "tik tik". Besi kulegea haimo.

MCHANGIAJI WA KWANZA: La MP3 nalikubali, kopi zile sijui zilitoka wapi. Lakini diski inayosomeka kwa taabu inaifanya mota na lenzi zihangaike, umeme ndani ya pleya unayumba, na sakiti ya sauti iko palepale. Namba zile zile, sauti tofauti.

MCHANGIAJI WA PILI: Namba hazitoki moja kwa moja kwenye diski kwenda kwenye spika. Zinaingia kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, kisha saa ya kwatzi inazitoa kwa mwendo wake, hata diski ikiyumba. Hilo la umeme linawezekana kwenye pleya iliyosanifiwa vibaya, ila hapo mgonjwa ni pleya.

MCHANGIAJI WA TATU: Na hakikisheni mnalinganisha toleo moja! Albamu nyingi zilirudiwa kusawazishwa na kuongezwa sauti. Kopi ya toleo jipya kando ya orijino ya miaka ya 80 lazima zitofautiane.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Basi tujaribu. Pleya yangu, orijino yangu, na achome mchangiaji wa pili. Mleta mada simwamini.

MLETA MADA: Sawa, lakini anayebadilisha diski asiwe wewe, usizione, na mpangilio aamue kwa kurusha sarafu. Na tufanye mizunguko 16, maana mitatu hata anayebahatisha anaweza kupatia yote.