Naombeni ushauri: nyuzinano za polianilini zimepigwa mionzi ya gama, ukinzani umepanda

Mvutanyuzi: Habari za jioni wakuu. Niko kwenye utafiti wa uzamili, nyuzinano (nyuzi nyembamba mno) za polianilini, plastiki inayopitisha umeme, zilizovutwa kwa volti kubwa. Nimechanganya na PEO (polima laini ya polietilini oksaidi) maana polianilini peke yake inasumbua kuvutika. Lengo ni kitambuzi cha kubandika kwenye kidonda, kwa hiyo lazima vijidudu vife. Zimepigwa mionzi ya kobalti-60, kipimo cha kilogrei 25, kuua vijidudu. Zimerudi ukinzani uko juu mno, na kijani kimeelekea bluu. Msimamizi anasema minyororo ya molekuli za polima imekatika. Ndiyo basi tena?

Mzee wa Maabara: Pole mkuu, ila usizike mgonjwa anapumua. Hiyo bluu ina neno. Polianilini ya kijani imebeba asidi, ndiyo inayopitisha umeme. Ikiipoteza inakuwa bluu na haipitishi, hata kama mnyororo ni mzima. Weka kipande kidogo kwenye mvuke wa asidi ya hidrokloriki, ndani ya kabati la kuvutia hewa chafu, kisha pima ukinzani kwa kipimo cha ncha nne. Kijani kikirudi na ukinzani ukishuka, tatizo lilikuwa asidi. Visiporudi, mpe msimamizi haki yake.

Binti Polima: Zilipigwa zikiwa kwenye hewa?

Mvutanyuzi: Ndiyo dada, bahasha ya kawaida tu.

Binti Polima: Ndipo penyewe. PEO ikipigwa penye oksijeni hukatika. Isipokuwepo, minyororo huelekea kuungana. Na uzi mwembamba hivyo, oksijeni inafika mpaka katikati. Rudia kwenye mfuko wa naitrojeni, na kipande pacha kisafiri nao bila kupigwa, maana PEO inanyonya unyevu na unyevu pekee unatosha kuchezea vipimo. Pima siku hiyohiyo, rudia baada ya wiki: radikali (vipande vya molekuli vyenye uchu wa kuungana) zilizonaswa ndani huendelea kula polima mionzi ikishazimwa.

Kijana wa Fizikia: Mbona kuna wanaosema mionzi inaongeza upitishaji?

Mzee wa Maabara: Hao polianilini yao wameichanganya na PVC, plastiki yenye klorini, kijana. Mionzi inang'oa klorini, inazaliwa asidi ya hidrokloriki humohumo, polianilini inaidaka. PEO haina klorini ya kutoa.

Mvutanyuzi: Shukrani. Sasa nikishairudishia asidi, naibandika kidondani?

Binti Polima: Hapana! Mvuke ule ni wa kutafuta ugonjwa tu. Kwa kitambuzi chenyewe jaribu pia kuua vijidudu kwa gesi ya ethilini oksaidi badala ya mionzi, ila anza na kipande kidogo, nayo hushambulia amini, yaani vikundi vya naitrojeni vilivyomo kwenye polianilini.