Mbegu za okidi kwenye maabara ya migomba, itawezekana?

KijanaKayunga
Habari zenu wakuu. Nafanya kazi kwenye maabara ndogo ya miche ya migomba huku upande wa Kayunga, Uganda, sisi ni tishu (vipande vidogo vya mmea tunavyovikuza ndani ya chupa) ya matoke na bogoya, ile ndizi tamu, tu, hatujawahi kugusa kitu kingine. Sasa juzi wachoma mkaa wameangusha mti mkubwa kwa jirani na juu yake kulikuwa na okidi ile ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia, Ansellia africana, fungu kubwa yaani mtu mmoja habebi, na ina vifuko vitatu vya mbegu bado kijani. Mwenye shamba kasema chukua tu, kwake hayo ni magugu. Fungu tumelifunga kwenye mwembe wake, naona litashika. Shida yangu ni mbegu. Nasikia mbegu ya okidi haina akiba ya chakula ndani na porini haioti mpaka ikutane na fangasi wake, mi fangasi sina, nna MS (chumvi za kulisha mimea ya chupani), sukari, aga ya kugandisha, otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) na kabati la hewa safi. Nizipande kwenye midia, yaani chakula cha chupani, ile ile ya migomba? Siuzi, nataka miche irudi kwenye miti. Bosi kanipa shelfu moja.

fundi_chupa
Fangasi weka pembeni kwanza. Knudson wa Cornell alishaonyesha tangu 1922 kwamba mbegu ya okidi ukiipa sukari na madini kwenye aga inaota bila fangasi, kwa sababu pale mwanzo fangasi kazi yake ni kuilisha, sasa ukiilisha wewe imekwisha. Ila midia ya migomba hapana kaka. Ile mnajaza BAP, homoni, ili chipukizi lizaane, mbegu haihitaji, na MS kamili ina chumvi kali mno kwake. Weka nusu, hata robo, sukari gramu 20 kwa lita, aga 7 au 8, pH kwenye 5.6, homoni acha kabisa. Otoklevu nyuzi 121 kama kawaida yenu.

Kifuko kikiwa kijani ni bahati yako, ndani bado hakuna mdudu wala ukungu, unasafisha nje tu. Sugua kwa sabuni na mswaki, loweka kwenye Jik iliyochanganywa na maji kama robo saa, suuza vizuri kwa maji yaliyopita otoklevu (Jik na spiriti visikutane kabisa), halafu ndani ya kabati chovya kwenye spiriti, pitisha motoni mara moja, acha iungue yenyewe. Chupa ya spiriti ifunike na iwe mbali na moto, watu wameungua nyusi hivi hivi. Pasua kwa urefu na wembe safi, utakuta unga mweupe umejaa, chota na ncha ya wembe utandaze kidogo kidogo. Usirundike. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mbegu maelfu kwa maelfu, chupa zako zitaisha kabla yake.

Ukisubiri kikapasuka basi itabidi uoshe unga wenyewe kwa Jik, na ule unaelea tu juu ya maji, haulowi mpaka utie tone la sabuni ya vyombo.

Kitakachotoka mwanzo ni vijipira vya kijani, protokomu, havina jani wala mzizi, usidhani umeharibu. Vikianza kuota majani hamishia midia mpya yenye mkaa wa maabara (unga mweusi wa kunyonya sumu), na hapa wewe una raha kuliko sisi, wengi huwa tunaponda ndizi mbivu humo, gramu 50 mpaka 100 kwa lita. Bogoya inafaa sana.

MamaVanila
Nyabo hapa, Mukono. Mnaongea midia tu, mi nauliza hivyo vifuko vitatu baba yao nani? Vanila nayo ni okidi, na sisi tunaipanda kwa vipande vya shina lake linalotambaa, shamba zima ni mmea uleule mmoja umekatwakatwa, ndiyo maana mnyauko wa fusari, ugonjwa wa fangasi, ukiingia unafagia mstari mzima hauchagui. Sasa huyo kijana atatoa miche elfu ya mama mmoja halafu aijaze kwenye msitu? Tafuta fungu jingine, hata la mbali. Likichanua toa chavua, kwenye okidi huwa imeshikana donge, unaibandua na kijiti kama tunavyofanya asubuhi kwenye vanila, unaipeleka kwa huyu. Kama hayachanui pamoja weka donge kwenye karatasi kavu ndani ya kichupa chenye silika (punje za kunyonya unyevu), friji, inakaa wiki kadhaa bila tabu.

MzeeNjeru
Wanangu samahani nawaharibia shangwe. Mtazalisha, sawa, mtarudisha wapi? Mi nilikuwepo 2007 watu wanaandamana msitu wa Mabira usitolewe kwa miwa, msitu ukabaki, lakini nje ya mpaka miti mikubwa yenye magome ya kushikia mizizi inaisha kila siku kwa mkaa. Chupa hazitatui hilo. Na ukitaka kufunga mche ndani ya hifadhi ni ardhi ya NFA, mamlaka ya misitu ya taifa, nenda na barua, usijifanye unapanda kwa shamba lako. Uuzaji wa nje ya nchi nao si wa holela, okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

fundi_chupa
Mzee hapo hatubishani, na hata hatari kubwa yenyewe haiko kwenye chupa, iko siku mche unatoka. Jani la chupani halijui kufunga vinyweleo vyake, ukilitoa kwenye jua la Kayunga mchana linakauka kabla hujala chakula. Osha aga yote mizizini (ukiacha sukari ukungu utashukuru), weka kwenye magome na moss (yale majani mafupi laini ya kijani yanayoota kwenye miti) chini ya nailoni, kivuli, fungua kidogo kidogo kwa majuma. Na ukirudisha, funga karibu na okidi kubwa za aina hiyohiyo. Fangasi wake yuko kwenye magome hayo na mizizi ya hizo, mche utamkuta hapo hapo. Miti ya mashamba inafaa, mwembe wa jirani yako tayari una mama yao juu.

KijanaKayunga
Asanteni sana. Basi nakata viwili kesho, cha tatu nakiacha kwenye mwembe kipasuke chenyewe. MamaVanila kuna fungu jingine nimeona njia ya kwenda Bbaale, halijachanua bado, nikipata donge ntaleta picha. Swali la mwisho, chupa nizifunike gizani au taa ya migomba inatosha?

fundi_chupa
Mwanzo mwanga hafifu, shelfu ya chini kabisa. Zikishakuwa kijani pandisha. Na andika kwenye kila chupa mama ni yupi na kifuko kipi, kwa kalamu isiyofutika, spiriti inafuta hizo za kawaida.