Tupeane uzoefu: nani anatembelea gari la zamani kila siku?

Mkazi wa Kihonda
Habari za jioni wakuu. Jana mtaa wa pili nimekuta Volkswagen kobe ya 1972 ina kibao cha INAUZWA. Mwenyewe akanifungulia mlango, akaufunga. Ule mlio wa kufunga ukanirudisha kwa marehemu baba anavyorudi kazini jioni. Nataka kuinunua, na si ya kuwekwa uani: ni ya Kihonda hadi Morogoro mjini kila siku, na watoto wawili wa shule. Wenye kutembelea magari ya umri huu naomba ukweli, hasa siku iliyokuwa mbaya kuliko zote.

Mama Wawili
Ule mlio wa mlango! Mwili umenisisimka.

Fundi Tapeti
Mkuu, kobe nimeitembelea miaka 11, Kimara hadi Kariakoo, na safari za Iringa juu yake. Siku yangu mbaya ilikuwa Kitonga. Naanza tu kupandisha, taa nyekundu ya chaji ikawaka. Nikajiambia hiyo ni chaji, betri itanifikisha Ilula, fundi umeme ataangalia. Kobe haina rejeta wala tone la maji. Belti inayozungusha dinamo ndiyo hiyohiyo inayozungusha feni ya kupooza injini, na yangu ilikuwa imeshakatika. Kilomita mbili tatu za mlima, ikaanza harufu ya chuma cha moto, gari likawa zito, halafu kishindo kimoja na magurudumu ya nyuma yakakaza. Injini imenoki. Utingo wa lori akashuka mbio na dumu la maji, akafungua mbele akakuta begi langu la nguo, akazunguka nyuma, akabaki ameshika dumu ananiuliza, "Bro, nimimine wapi?" Nilikaa kwenye kingo ya barabara nikalia. Injini ilifunguliwa miezi minne.

Kwa hiyo taa ile ikiwaka, simama hapohapo, hata kama uko katikati ya daraja. Belti ya akiba ikae ndani ya gari siku zote. Kuibadilisha ni nati moja: puli ina vipande viwili, unaizuia kwa bisibisi isizunguke, unafungua. Robo saa umemaliza.

Chuma Chakavu
Mtoa mada, una watoto. Nunua Vitz ulale usingizi. Breki za kobe nyingi ni za ngoma magurudumu yote manne na hazina wa kukusaidia kukanyaga. Bodaboda akikukatiza Msamvu utafanyaje?

Kijana wa Likoni
Breki ni kweli. Mimi nasema chukua Peugeot 504. Huku pwani twazijua, zilibeba watu na mizigo mpaka chesisi zikalia. Ile springi yake ndefu, shimo walipita na kikombe cha chai hakimwagiki. Na Safari Rally imeshinda, 1975 na 1978.

Fundi Tapeti
Kobe imeshinda 1954, 1957 na 1962. Tena kobe ya kawaida kabisa.

Kijana wa Likoni
Ndugu yangu, 1962 wengine hata wazazi wetu hawajaoana.

Mzee Kabureta
Wanangu, mkitaka kuhesabu hesabuni vizuri. Peugeot 404 ilichukua 1963, halafu 1966, 1967 na 1968. Na ya 1966 na 1967 aliendesha Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Tulikuwa watoto, tunasimama kando ya barabara tangu alfajiri kungoja vumbi.

Sasa nimjibu kijana wa Kihonda. Nenda na sumaku iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango, kwenye bati linalofunika magurudumu na chini ya taa. Pale isiponasa ni pati tupu, ile ya kuziba matundu, bati limeliwa na kutu. Injini ya kobe inashushwa na watu wawili asubuhi na jioni imerudi. Bodi iliyooza itakufilisi.

Mpwa wa Soni
Nilikuwa napita tu, lakini mmetaja kobe na watoto kiti cha nyuma, siwezi kunyamaza.

Mwaka 1996 nilikuwa darasa la tano. Mjomba alikuwa na kobe, tukatoka Mombo kupandisha Lushoto. Mbele mjomba na mama. Nyuma mashangazi wawili na mimi katikati, shangazi mkubwa kakaa kulia, na mwili anao. Tumeipita Soni, gari likadumbukia kwenye shimo. Dakika chache nikasikia harufu kama nywele zinaungua. Shangazi mdogo akasema kuna mtu anababua kuku huko bondeni. Mara moshi ukatokea chini ya khanga ya shangazi mkubwa, akapiga ukelele ambao mpaka leo nausikia.

Betri ya kobe iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Ina mfuniko wake. Wa mjomba ulikuwa umepotea siku nyingi. Springi za kiti zilibonyea zikagusa vichwa vya betri, zikawa nyekundu, na ule ujazo wa kiti, manyoya na nyuzi kavu, ukashika moto.

Gari lina milango miwili tu, yote mbele. Ili mtu wa nyuma atoke, lazima wa mbele atoke kwanza na kiti chake kilazwe. Mama alitoka, akavuta kiti, kikagoma. Nakumbuka mikono yake inavyotafuta ile kamata pembeni mwa kiti. Kilipolala akanivuta mimi kwa shati, kisha shangazi mdogo, kisha shangazi mkubwa mguu ukanasa kwenye mkanda wa kapu. Mjomba akamvuta kwa kwapa wote wakaangukia barabarani. Akarudi ndani, akang'oa kiti akakitupa nje, na kilipopata upepo kikawaka chote. Waya wa betri aliung'oa kwa mkono uliozungushiwa khanga. Watu wa shamba la juu wakashuka na majembe, wakafukia kiti kwa udongo.

Gari lilipona. Mjomba alikata mpira wa tyubu ya lori akafunika betri, na mpira ule uko mpaka leo.

Mama Wawili
Shangazi alipona??

Mpwa wa Soni
Yupo Lushoto, mzima. Ana kovu pajani. Akipanda gari lolote, hata teksi, anainua kwanza kiti.

Mama Wawili
Namuelewa kabisa.

Chuma Chakavu
Si nimesema Vitz? Na bado petroli ya sasa haina madini ya risasi, itakula viti vya vali, pale vali inapokalia ikifunga.

Fundi Tapeti
Hapo hapana. Hedi za kobe, vile vichwa vya injini vinavyobeba vali, ni aluminiamu na viti vya vali ni vya chuma kigumu vilivyopachikwa. Zangu zimekunywa petroli hiyo miaka yote. Kinachoua vali ni tapeti, ile nafasi ya vali, kuachwa bila kurekebishwa. Kila kilomita 5,000, injini ikiwa baridi kabisa, weka nafasi ya 0.15 mm, na oili lita mbili na nusu mpya.

Na msimruhusu fundi atoe yale mabati yanayozunguka injini. Mmoja alinitolea akasema "ipumue". Yale ndiyo yanaongoza upepo kwenye silinda. Ukiyatoa, injini inavuta hewa yake yenyewe ya moto, na silinda ya tatu ndiyo ya kwanza kulalamika.

Binti Mwanasheria
Hakuna aliyeuliza kadi iko kwa jina la nani. Magari haya mengi mwenyewe ni marehemu. Kama ndivyo, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, barua uione kwa macho. Nililipa mtoto mkubwa wa marehemu, wadogo zake wakaja na gari lao, wakalivuta lile nililonunua getini kwangu.

Mkazi wa Kihonda
Wakuu, asanteni. Asubuhi nimerudi pale na tochi, nikaomba niinue kiti cha nyuma. Mfuniko wa betri hakuna. Na chini ya betri bati limeliwa na asidi, nimeiona sakafu ya gereji yake. Kadi ni ya baba yake, marehemu tangu 2009. Sumaku imenasa kila mahali isipokuwa chini ya mlango wa dereva. Mwenyewe yuko tayari kupunguza. Kuna mtu Morogoro anayejua kuchomelea bati hilo la betri vizuri?

Fundi Tapeti
Nije Jumamosi? Ngoja kwanza barua ya mirathi, usitoe hata shilingi. Nitakuja na bati lililokwisha kukatwa, na belti.

Mpwa wa Soni
Na kipande cha tyubu, mjomba anacho kingine.