Tuisheni Tanga mjini: kumfuata mtoto nyumbani, kupanga frem, au WhatsApp?

Hesabu_Ngamiani: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Hesabu na Fizikia, nimemaliza chuo, nasubiri ajira. Nataka kuanza tuisheni hapa Tanga. Nina njia tatu: kupita majumbani, kupanga frem Makorora niweke mabenchi, au kufundisha kwa WhatsApp. Mtaji ni mdogo na mwenye frem anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ipi inalipa?

MamaWawili_Sahare: Mwalimu, nakujibu kama mzazi. Huku kwetu na Raskazone wengi tunapenda mwalimu aje nyumbani, na tunalipa zaidi. Ila tuambie mtoto amefikia wapi. Mwalimu wa mwanangu alikuwa akinitumia picha ya daftari kila wiki, nikaona kwa macho yangu kwamba kinachomkwamisha ni kugawanya sehemu, mengine anayaweza. Mwalimu wa namna hiyo sibishani naye bei.

Mwl_Pongwe: Nimefanya nyumbani na kundi. Nyumbani bei ya kichwa ni nzuri lakini muda unaishia njiani. Uanzie Raskazone, uende Kange, jioni imekwisha na umefundisha watoto wawili tu, hata kama una baiskeli. Kundi ndilo linalolipa: tuseme watoto 12 kwa 15,000 kila mmoja, hiyo ni 180,000 kwa mwezi. Lakini frem usiiguse sasa. Omba kibaraza cha nyumbani, tandika mikeka, pata plaiwudi uipake rangi nyeusi iwe ubao. Frem utaipanga kwa hela ya watoto.

Bibi_Chumbageni: Mwanangu, nimestaafu ualimu, nisikilize. Kabla ya mahali, angalia saa. Watoto wengi wa Ngamiani na Mabawa wakitoka shule wanakula, wanaoga, wanakwenda chuoni, yaani madrasa. Ukiweka tuisheni saa kumi utagombea mtoto na ustadhi, na mzazi atamchagua ustadhi. Vyuo vingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa. Anzia hapo, uongeze Jumamosi asubuhi.

Hesabu_Ngamiani: Shikamoo bibi. Hilo la chuo sikuliwaza kabisa.

Bibi_Chumbageni: Marahaba.

Fizikia_Kange: Mimi naongezea majira, maana hapo ndipo penye hela na ndipo penye haja ya kweli. Darasa la saba wanamaliza mtihani Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati watoto wako mitaani tu. Wametoka shule za msingi za serikali walikosoma kwa Kiswahili, wanakwenda kukuta karibu masomo yote kwa Kiingereza. Nimewaona: mtoto anakokotoa eneo la duara haraka haraka, ukimwandikia swali lilelile kwa Kiingereza anabaki ameshika kalamu. Hajui unamuuliza nini. Fundisha hesabu za darasa la saba kwa Kiingereza, msome swali kwa sauti, kila mtoto alieleze kwa maneno yake kabla ya kukokotoa. Wakifika Januari hawatakaa kimya darasani. Na jiandae na 2027: kwa mtaala mpya, darasa la sita na la saba watamaliza msingi kwa pamoja mwaka huo. Wanaohitaji maandalizi watakuwa wengi kuliko miaka yote.

Majira mengine ni kidato cha pili na cha nne kabla ya mitihani ya Novemba. Cha pili wasipofaulu wanarudia darasa, kwa hiyo wazazi hawachezi.

Mwl_Pongwe: WhatsApp iache kwa kidato cha nne, kutumiana mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita na kusahihisha. Mtoto mdogo simu si yake, ni ya baba anayerudi usiku, na bando pia ni la baba.

Karani_Jiji: Mjulishe mwenyekiti wa mtaa, chukua TIN, namba ya mlipakodi, pale TRA, haina malipo. Ukifika hatua ya frem, nenda ofisi ya biashara ya halmashauri ya jiji ukaulizie leseni. Na ajira ya serikali ikija, usitoze fedha wanafunzi wa shule unayofundisha. Mambo ya nidhamu ya walimu yanakwenda TSC, Tume ya Utumishi wa Walimu, usijiingize huko.

Hesabu_Ngamiani: Nimeelewa. Naanza kwa kundi, kibarazani kwetu, Alhamisi na Ijumaa, na wa nyumbani nitachukua mmoja tu wa karibu. Kuna mwenye mabenchi ya kuuza kwa bei ya kawaida?

Mwl_Pongwe: Ninayo mawili marefu, yamekaa tu. Njoo na guta Jumamosi, bei tutaelewana.