Kila kifungo mnajua kiko rafu gani, aliyekishona ndiyo hamumjui?

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, wenye haraka wapite tu. Povu ruksa. Ila asije mtu hapa na ile ya "rudi nyumbani basi kama hupataki", hiyo nimeshaisikia mpaka kwa binamu yangu.

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu Tanga, Ngamiani. Mama alikuwa na meza yake barazani, barabara ya 12, cherehani moja ya kukanyaga, na mimi miguu ilipofika tu chini nikaanza kupinda magauni ya watu. Sare za shule kila Januari, madera, mashati ya vitenge ya harusi ambayo mwenye nayo anakuja kuyafuata saa mbili kabla ya kumtoa bi harusi. Sasa nipo Leicester, Uingereza, na kazi yangu ni stoo ya duka la nguo. Ni haya makampuni ya fasheni za vijana yenye tawi katikati ya kila mji, muziki unapigwa tangu asubuhi, kila baada ya siku chache mzigo mpya. Jina silitaji, bado nakula hapo.

Wiki iliyopita nimepewa onyo la maandishi. Kosa: kushona.

Ndiyo, mmesoma sawasawa. Duka la nguo limenipa onyo kwa kushona nguo.

Ilirudishwa blauzi imefumuka chini ya kwapa, kama inchi mbili. Bei yake pauni 12. Mimi sindano na uzi havikosekani kwenye mkoba, nikakaa juu ya boksi nikaiziba. Dakika tatu. Ningekupa wewe mwenyewe uitafute ile sehemu usingeiona. Msimamizi akanikuta. Ni kijana tu, sawa na mdogo wangu wa mwisho, wala hana roho mbaya. Akasema hiyo hairuhusiwi, nguo mbovu inaskaniwa, inaandikwa hasara, inatupwa kwenye pipa la kuondolewa. Nikamwambia sasa hivi si mbovu, hii hapa, ivute uone. Akaivuta. Akaangalia kile kimashine chake mkononi, akasema, "Kwenye mfumo bado ni mbovu."

Kabla ya kuishona niligeuza ndani nikaitazama, kama ambavyo fundi yeyote hufanya. Mshono wa fundi ni kama mwandiko. Pale ubavuni mishono ilikuwa mirefu, imekimbizwa, halafu kuna sehemu sindano ilikatika: kuna tundu dogo kitambaa kimechanika, halafu uzi mpya umeanza pembeni kidogo, haukurudi nyuma kufunga. Mama angenipiga futi ya mgongo kwa kosa hilo. Lakini nikajua mara moja yule aliyeshona si kwamba hajui. Pindo la mkono wa kulia limenyooka utadhani limepigwa rula. Anajua sana. Hakupewa muda wa kurudi nyuma mishono minne. Pengine nyuma yake kuna mtu amesimama anahesabu vipande vya saa hiyo.

Nikamuuliza yule kijana, hii imeshonwa wapi? Akaiskani. Wakuu, kile kimashine kinajua kila kitu. Saizi, rangi, imeingia stoo siku gani, zimebaki ngapi kwetu, zipo ngapi Nottingham, ngapi Derby. Nikasema sikuulizi iko wapi, nauliza nani kaishona. Akageuza lebo akanionyesha: Bangladesh. Nchi ya watu milioni 170! Ni sawa na kumuuliza mtu kwenu wapi akakujibu Afrika.

Hapo ndipo damu ilipochemka, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Haya makampuni yamejenga utajiri wao juu ya KUJUA. Zara tangu 2014 walianza kuweka vile vichipu vya redio kwenye vile vidude vya kuzuia wizi, ili duka lijue kila kipande kiko wapi muda wowote. Msichana akinunua sketi nyekundu saizi ya kati, makao makuu kule Arteixo, Hispania, wanajua, na kiwanda kinaambiwa ongeza nyekundu. Ndiyo ujanja wenyewe uliomfanya Amancio Ortega, mwanzilishi wa Zara, kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa duniani. Sasa hao hao wajuzi, likitokea la kutokea, utasikia: hatukujua, kiwanda kilimpa kazi mtu mwingine bila idhini yetu, tumesikitishwa sana.

Mnakumbuka Rana Plaza? Savar, karibu na Dhaka, huko huko Bangladesh, tarehe 24 Aprili 2013. Jengo la ghorofa nane, ghorofa za juu zimeongezwa bila kibali, juu humo wamepandisha mashine na majenereta. Siku moja kabla, kuta zikapasuka, kila mtu akaona. Tawi la benki lililokuwa humo humo likawazuia wafanyakazi wake wasirudi. Maduka ya chini yakafungwa. Washonaji ndio walioambiwa waingie kazini, na wengine wanasema walitishiwa kukatwa mshahara. Asubuhi umeme ukakatika, majenereta yakawashwa, jengo likashuka. Zaidi ya watu 1,100 wakafa, wengi wao wanawake, wengi umri wa kuolewa juzi.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo mimi hunitoa usingizi. Ili ijulikane nguo za nani zilikuwa zinashonwa mle ndani, watu waliingia kwenye kifusi KUTAFUTA LEBO. Benetton, kampuni ya nguo ya Italia, walisema kwanza kwamba hawahusiki, mpaka picha za nguo zenye lebo yao zikatoka kwenye vumbi la lile jengo. Primark wao walikiri mapema kwamba mwenye kuwashonea alikuwa ghorofa ya pili, na walilipa, hilo niwape haki yao. Ila mfuko wa fidia wa dola milioni 30 uliosimamiwa na Shirika la Kazi la Kimataifa ulijaa Juni 2015. Miaka miwili na zaidi, mtu hana mguu, anasubiri makampuni yachangishane kama harusi.

Na msiniambie haiwezekani kujua. Mei 2013, baada ya aibu ile, makampuni mengi yalisainishwa mkataba wa usalama na vyama vya wafanyakazi, mkataba wenye meno, unaoweza kukupeleka mbele ya wasuluhishi. Ghafla bin vuu, viwanda zaidi ya 1,000 vikakaguliwa, kila kimoja na anwani yake, nyufa zake, milango yake iliyokuwa inafungwa kwa kufuli. Kumbe vilikuwa vinajulikana! Kilichokosekana ni wa kuwalazimisha.

Mshahara je? Mwaka 2023 washonaji wa Bangladesh waliingia barabarani wakidai kima cha chini cha mshahara taka (pesa ya kule) 23,000 kwa mwezi. Wakapigwa mabomu ya machozi, wengine wakapoteza maisha. Serikali ikaweka 12,500, kama dola 113 kwa thamani ya wakati ule. Kwa mwezi, si kwa wiki. Blauzi kama nane za bei ya pale kwetu dukani zinamaliza hiyo hela, na yeye kwa siku anapitishiwa mkononi vipande mamia.

Kuna tukio moja la Istanbul ambalo nalipenda, Mungu anisamehe. Kulikuwa na kiwanda kinaitwa Bravo, kinashonea Zara, Mango na Next. Mwaka 2016 mwenyewe akafunga usiku mmoja akatokomea, watu wanadai mishahara ya miezi. Wakazunguka weee, hakuna jibu. Mwaka uliofuata wakaingia kwenye maduka ya Zara pale mjini kama wateja, wakawa wanatia vikaratasi mifukoni mwa nguo: nguo hii unayotaka kununua nimeishona mimi, na sijalipwa. Dunia nzima ikasoma. Kampuni ikajibu kwamba yenyewe ilishamlipa mwenye kiwanda. Sawa, umemlipa. Na aliyeshona?

Kabla hamjaniambia mambo ya Bangladesh na Uturuki yananihusu nini, nije hapa hapa Leicester. Mji huu ni wa nguo tangu zamani, na ni mji wa watu wetu kwa namna yake, Wahindi waliofukuzwa na Amin 1972 wengi walifikia huku, mpaka leo ukipita Belgrave Road unaweza kukuta mzee wa makamo ya babu anakuuliza "mama, unatoka wapi, Mombasa?" Nilipofika 2019 nikasema fundi hakosi kazi. Nikaelekezwa jengo moja la zamani, matofali mekundu, madirisha yamezibwa na maboksi. Ndani mashine kama 20, vumbi la nyuzi linaelea mpaka unakohoa. Mwenye nalo akanipa kola nishone, nikashona, akaigeuza, akatabasamu. Akasema pauni nne kwa saa, taslimu. Kisheria ilikuwa pauni 8.21. Nikamuuliza mbona hivyo, akasema usijali, kwenye karatasi ya mshahara tutaandika masaa machache, hesabu itakaa sawa. Nimeondoka pale natetemeka, si kwa ushujaa, ni kwa sababu nilipiga hesabu nikaona kidogo nikubali.

Kwa hiyo Julai 2020 gazeti la Sunday Times walipoandika kwamba mwandishi wao aliingia kiwanda cha huku kinachoshona nguo za Boohoo, kampuni ya Uingereza inayouza nguo mtandaoni, akaambiwa pauni 3.50 kwa saa, mimi sikushangaa hata kidogo. Boohoo wakamweka wakili, Alison Levitt, achunguze. Septemba akatoa ripoti: madai kwa sehemu kubwa ni ya kweli, na wakuu wa kampuni walijua tangu Desemba 2019 kwa uchache kwamba hali ni mbaya. Akasema pia kampuni yenyewe haikutenda jinai. Mwanzilishi wake mmoja, Mahmud Kamani, familia yake ilitoka Kenya, baba yake aliuza mikoba sokoni Manchester. Nilipolijua hilo niliumia zaidi. Baada ya kelele kazi nyingi ikahamishiwa nje, wao wakafungua kiwanda chao hapa 2022, na 2024 wakatangaza kukifunga. Jirani yangu mmoja, mama wa Kigujarati, ameshona miaka 30, sasa analea wajukuu. Hakuna aliyempigia simu.

Sasa najua mnachoandika huko chini. "Bora kazi hiyo kuliko kukosa." Jamani, mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani, umaskini wa fundi msinihadithie. Mama kuna siku alilala na njaa na kanzu ya mtu imekamilika imekunjwa pembeni, mwenyewe hajaja kulipia. Lakini mteja nguo ikimfumuka alijua barabara ya 12, alikuja barazani akafoka, mama naye akafoka, ikarekebishwa, chai ikanywewa. Yule wa ile blauzi nitamfokea wapi? Nitampa pole wapi?

Na "msinunue basi" nayo ni ya wenye hela. Mimi mwenyewe wanangu nawavisha kutoka huko huko, punguzo la mfanyakazi. Msinigeuzie kibao.

NYONGEZA: naona kuna mdau amenifuata pembeni kuuliza kama barua ya onyo nimeisaini. Bado. Nimepewa hadi Jumatatu. Imeandikwa "kuharibu utaratibu wa bidhaa zenye kasoro". Wanaojua sheria za kazi za huku tafadhali: nikisaini nimekubali kosa, au nimekiri kupokea tu? Chama cha wafanyakazi sijajiunga, nakiri uzembe, je, naweza kujiunga leo wakanisindikiza Jumatatu? Matusi yatasubiri, hilo la barua ni la haraka.