Naombeni ushauri: mtihani mpya wa fasihi umenikwamisha

Mshairi wa Darasani: Ndugu walimu, huu ni mwaka wangu wa 16 wa kufundisha fasihi. Mtihani mpya umeondoa maswali ya vitabu teule, na sasa mtahiniwa anapewa shairi asilowahi kuliona ili ajenge hoja kutokana na matini yenyewe. Katika jaribio letu la kwanza, zaidi ya nusu ya darasa walianguka. Usingizi umenipaa. Niwaandaeje?

Kurunzi: Wape shairi fupi kila siku bila kutaja mtunzi. Mhakiki I. A. Richards alifanya hivyo na wanafunzi wa Cambridge miaka ya 1920, na hata wasomaji wazuri walipotea walipokosa jina la kuegemea. Anza na nafsineni (yule anayesema ndani ya shairi), anayeambiwa, na mahali sauti inapobadilika; tamathali, yaani lugha ya mafumbo na mifano, zitafuata.

Bibi Kalamu: Mimi niliwakaririsha wanangu dhamira za kila riwaya, wakafaulu. Baadaye mmoja aliniambia kwamba tangu siku ya mtihani hajafungua tena kitabu cha hadithi. Neno hilo linaniuma hadi leo.

Mpima Hoja: Mwalimu, jaribio hilo lilisahihishwa kwa mwongozo upi?

Mshairi wa Darasani: Wa zamani, kwa kuwa mpya ulikuwa haujatufikia. Hata hivyo, asiyeweza kutaja dhamira haijui.

Mpima Hoja: Mwongozo wa zamani hutuza hoja zilizoorodheshwa, ilhali mtihani mpya unapima namna hoja inavyothibitishwa. Matokeo hayo umeyapeleka wapi?

Mshairi wa Darasani: Nilipaswa kulisema mapema. Nimeyaambatisha kwenye barua ya kuomba mtihani uahirishwe. Wenzangu sita wametia saini, nayo itawasilishwa Ijumaa. Sikudanganya, nilitaka wanafunzi wapewe muda.

Msomaji Mkimya: Mniwie radhi, kisa hiki nakitilia shaka. Mwalimu wa miaka 16 hawezi kukosea hivyo. Huenda huyu ni mwandishi wa vijitabu vya maswali na majibu anayetetea soko lake.

Mshairi wa Darasani: Laiti ningekuwa nimekitunga. Binti mmoja aliandika kwamba mizani (idadi ya silabi) ya kibwagizo, ule mstari unaorudiwa, inapungua ubeti baada ya ubeti, hivyo msemaji anakata tamaa hata anapoahidi kurudi. Mimi mwenyewe sikuwa nimeliona hilo. Nikampa sifuri, kwa sababu halikuwamo kwenye orodha.

Msomaji Mkimya: Nimekuamini, mwalimu. Samahani.

Kurunzi: Mrudishie binti huyo alama zake kwanza. Mwaka 1912 huko Marekani, watafiti Starch na Elliott waliwapa walimu zaidi ya 100 karatasi ileile ya Kiingereza waisahihishe, na alama zikapishana kwa zaidi ya 30. Kwa hiyo wasahihishe wawili, kila mmoja peke yake, majina yakiwa yamefunikwa.

Mshairi wa Darasani: Nitafanya hivyo kesho. Ila wale sita walisaini kwa kuniamini. Niwaeleze kabla ya kusahihisha upya, au baada ya kupata alama mpya?

Bibi Kalamu: Kabla, mwanangu. Wapigie leo.